Hamu utaikuta kazini: majibu ya barua zenu kutoka Lamu na Malindi

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti tofauti, mtu anataka kujua moyo wa kuendelea anautoa wapi wakati mambo yamembana. Nimechagua nne, mbili za Lamu mbili za Malindi, majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake wanaoishi hali hiyo ni wengi sana kuliko walioandika.

"Mwalimu, assalaam aleikum. Mie ni kijana wa Langoni hapa Lamu, nina miaka 28. Nilimaliza fomu foo sikufanya vizuri nikaingia kwenye mashua, nikawa napeleka wageni Manda na Shela na siku nyingine navua, sasa korona ilipoingia wageni wakakatika, mashua tuliyokuwa nayo na ami yangu ikauzwa na tangu hapo sijasimama sawasawa. Napata kibarua cha kubeba mizigo pale jeti siku mbili tatu halafu nakaa. Usiku nalala na simu naangalia klipu za motivesheni, wale wanaosema amka saa kumi alfajiri, badilisha maindiseti, wallahi nikiziangalia nahisi kesho ntakuwa mtu mwengine kabisa, kukicha mwili mzito sitaki hata kutoka nje. Wazee barazani wananambia subira huvuta heri. Mie nimeshasubiri Mwalimu. Hii motivesheni wenzangu wanaipata wapi? Au mie ni mvivu tu niambiwe nijue moja?"
Kijana wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam mwanangu. Uvivu mie siuoni kwenye barua yako. Naona mtu aliyepoteza kazi aliyokuwa akiijua na hajapata nyengine ya kuushika moyo wake, na haya ni mambo mawili tofauti usiyachanganye. Tena ukumbuke uliingia baharini wakati biashara yenyewe ilishapigwa mara mbili, 2011 wageni walipotekwa kule Kiwayu na hapo Manda, halafu 2014 yakatokea ya Mpeketoni na kafyu ya usiku ikafuata, watu ndo walikuwa wanaanza kuinua kichwa ikaja 2020 na korona. Kwa hivo ukikaa peke yako usiku ukajiambia tatizo ni maindiseti yangu, hapo unajidhulumu. Sehemu kubwa ya tatizo haikutoka kichwani mwako.

Sasa nije kwenye hizo klipu, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu naona ndipo penye shida ya asubuhi zako. Kuna mtafiti anaitwa Gabriele Oettingen, mzaliwa wa Ujerumani anayefundisha New York University, yeye na mwenzake Heather Barry Kappes walitoa utafiti mwaka 2011. Waliwachukua watu wakawaambia wafikirie mambo mazuri yameshatimia, kila kitu kimenyooka, halafu wakapima nguvu ya mwili, hata presha ya damu wakapima. Wakakuta watu wale wamelegea. Mwili ulipumzika kana kwamba jambo lishakuwa, kumbe hakuna kilichofanyika. Ndo hivo unavyoona wewe, saa sita usiku umeshiba ndoto ya mtu mwengine, utaamka na njaa gani? Mie siwalaumu wanaotengeneza hizo klipu wengine wana nia nzuri tu, lakini wewe zinakumalizia usiku zinakunyima usingizi na zinakulipa furaha ya kazi ambayo hujaifanya.

Huyo huyo Oettingen hakuishia kusema ndoto ni mbaya, alisema ndoto ipewe kizuizi chake papo hapo. Yaani useme nataka kurudi baharini nikiwa na changu, uione hiyo picha, halafu kabla hujaifurahia sana jiulize ni kitu gani ndani yangu mimi kitanizuia kesho asubuhi. Siongelei serikali hapa wala bei ya mafuta ya boti, hayo yapo na yana siku yake, nakuuliza ndani yako. Nawe umeshanijibu bila kujua, ni simu ya usiku. Basi hapo ndo pa kuanzia. Simu icharjiwe chumba cha mamako au kwa ndugu yako, ilale huko, wewe ulale kwako.

Halafu kuna mwengine, Peter Gollwitzer, huyu alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu akisema tu "ntajitahidi" mara nyingi haendi popote, lakini akishapanga kwamba kikitokea kitu fulani basi mimi ntafanya hivi, uwezekano wa kufanya unapanda sana. Mpango wenyewe unakuwa mfupi na una mahali na saa. Kwako wewe uwe hivi: nikitoka msikitini swala ya alfajiri, sirudi nyumbani, nashika njia moja kwa moja mpaka pale mashua zilipopandishwa. Basi. Usiongeze kitu. Usiseme ntabadilisha maisha, sema tu miguu itakwenda wapi ukishavaa viatu vyako pale mlangoni mwa msikiti.

Na kwa nini nakutuma kwenye mashua? Kwa sababu kusi likishachachamaa mwezi wa tano wa sita, wewe unajua kuliko mimi, wageni hakuna, hoteli nyingine zinafunga, na vyombo vingi vinapandishwa juu. Hapo ndo kuna kazi ambazo vijana wengi hawazitaki, kupiga kalafati yaani kuziba nyufa za mbao, kukwangua na kupaka deheni ya kuzuia maji, kupaka sifa yaani yale mafuta ya papa, kushona tanga lililochanika. Mafundi wa Matondoni wanatafutwa hata kutoka nje ya kisiwa na wengi wao wana umri sasa, mikono ya kusaidia wanaihitaji. Usiende kuomba ajira, mtu akisikia ajira anaogopa. Nenda uombe siku moja, sema ami nataka kusaidia leo, chakula cha mchana kinatosha. Siku ya pili ukirudi bila kuitwa atakuona. Mie ninawajua wawili walioanza hivo hivo, mmoja sa hivi anashika kazi yake mwenyewe.

Utaniambia Mwalimu lakini moyo sina, nitaendaje bila moyo. Hapo ndo kwenye jambo ninalotaka wasomaji wote walishike. Tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Oregon alikuwa akisema kwamba mtu aliyevunjika moyo hupunguza shughuli, shughuli zikipungua na furaha ndogondogo zinakatika, zikikatika anavunjika zaidi, basi anazunguka hapo. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wakalijaribu, wakawagawa watu wenye ugonjwa wa huzuni, wengine wakapewa matibabu kamili ya kufanyia kazi fikra zao, wengine wakasaidiwa tu kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo, na wale wa shughuli peke yake wakapata nafuu sawa na wenzao. Unaona? Walianza kufanya hamu ikiwa haipo na hamu ikawakuta njiani. Kwa hivo siku ya kwanza utakwenda mzito, ya pili pia, usishangae wala usidhani umefeli, wewe nenda mzito hivo hivo.

Kuhusu wazee wa barazani, usiwakasirikie. Subira wanayoijua wao ina kazi ndani yake, hao hao walipokuwa vijana kusi lilipowafungia bahari walikuwa wakishona nyavu na kurekebisha madema, hakuna aliyekaa akaangalia maji. Wanakwambia neno moja wakidhani na hiyo sehemu ya kazi unaijua. Muulize mmoja wao siku moja, ami wakati wenu kusi mlikuwa mnafanya nini, utapata maneno mengi ya maana kuliko klipu kumi.

La mwisho kwako, ulizia mahitaji ya cheti cha unahodha wa vyombo vidogo kwa Kenya Maritime Authority. Mashua hata ikiwa si yako, mwenye chombo anayetaka kubeba wageni anahitaji mtu mwenye karatasi zake sawa, na miezi hii ya kusi ndo ya kuzishughulikia ili kaskazi likiingia, na wageni wa Disemba, wewe uko tayari.

"Mwalimu, mie ni mwanamke wa Mkomani. Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi, eda nimemaliza na watoto wawili ninao. Nilikuwa nashona kofia, nikipata oda hata za Mombasa, sasa kitambaa nakitoa nakiangalia nakirudisha. Kila anayekuja kunitazama ananambia huu ni mtihani utatoka ukiwa na nguvu zaidi, Mungu humpa mtihani anayempenda. Naitikia tu. Lakini Mwalimu mie sihisi nguvu yoyote, nahisi nimepungua. Je nina kasoro, au imani yangu ni ndogo?"
Mjane wa Mkomani, Lamu

Dadangu, Mungu akurehemu na amrehemu mwenzio. Huna kasoro. Na imani yako mie siwezi kuipima wala hao wanaokuja kukutazama hawawezi.

Hili neno la kwamba msiba unamkuza mtu lina asili yake kwenye elimu pia, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa North Carolina, miaka ya 1990 waliwafuatilia watu waliopitia misiba na maradhi makubwa wakakuta wengi wanasema kuna kitu kimebadilika kwao, wengine wamekaribiana zaidi na watu wao, wengine wamejijua kwamba wanaweza kubeba, wengine imani imezama ndani, wengine wameona njia mpya, wengine wanathamini siku zao. Lakini hao hao wawili walisisitiza mambo ambayo watu wanaokuja kwako hawayasemi. Walisema kinachomkuza mtu ni kule kuhangaika kwake na jambo, msiba wenyewe haukuzi mtu. Na walisema uchungu hauondoki ili kukua kuje, vinakaa pamoja ndani ya mtu mmoja kwa muda mrefu. Tena si kila mtu hupitia hivo, na asiyepitia hajafeli kitu. Kwa hivo hukupewa homuweki ya kuwa na nguvu zaidi. Mwaka mmoja ni muda mdogo sana. Ukihisi umepungua ni kweli umepungua, mtu mliyekuwa mnagawana naye maisha hayupo, ungehisi vipi vyengine?

Na nyinyi mnaokwenda kuwatazama wafiwa naomba sana, punguzeni hizi hotuba. Pelekeni chakula, chukueni watoto muwapeleke madrasa, kaeni kimya na mtu. Hilo la nguvu mwacheni aliseme mwenyewe siku akiliona, asipolisema pia ni sawa.

Sasa kukusaidia. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza jambo moja mjini Harare kwa sababu madaktari wa fani yake nchini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, akawafundisha nyanya wa mitaani, akina bibi, wakae kwenye benchi la mbao nje ya kliniki wawasikilize watu. Na namna yao ni rahisi, bibi anakusikiliza mpaka umemaliza, halafu anakwambia katika hayo yote tuchague moja tu tulishughulikie wiki hii, na wiki inayofuata unarudi unamweleza limefika wapi. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa ulionyesha waliopitia hapo dalili zao zilipungua sana ukilinganisha na waliopata huduma za kawaida. Sisi Lamu benchi tunazo za mawe kwenye kila daka na akina bibi wenye hekima tunao, nakuomba mtafute mmoja, asiwe wa kukuhubiria, awe yule ambaye ukiongea hakukatizi. Mwambie nataka nije kwako kila Alkhamisi baada ya alasiri. Mpe yote. Halafu chagueni moja. Huenda likawa ni karo ya mtoto, huenda ni zile nguo za marehemu ambazo hujajua uzifanyeje, usidhani lazima liwe kofia.

Kofia nayo, ukiitoa usijiwekee kwamba leo ntashona. Tia uzi kwenye sindano, shona tundu moja, ukitaka kuirudisha irudishe. Ukiona umeendelea vyema, ukiona umeacha vyema pia.

Ila dada kama usingizi umekata kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au yanakujia mawazo ya kwamba bora na wewe usiwepo, hapo usimngoje bibi wala barua yangu. Nenda hospitali ya King Fahd hapo mjini useme wazi wazi hivo, au piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure. Kwenda hospitali kwa ajili ya huzuni hakupunguzi imani ya mtu hata kidogo.

"Mambo Mwalimu. Mimi ni wa bodaboda hapa Malindi, natoka Maweni. Piki si yangu, kila siku namlipa mwenyewe hesabu, iwe nimepata iwe sijapata. Natoka saa kumi na moja asubuhi narudi saa nne usiku. Juzi kulikuwa na semina moja ya kiingilio jamaa akasema umaskini uko kwenye mentaliti, ukiona huendelei jua unafikiria kimaskini. Niliuma sana. Mimi nafanya kazi kuliko yeye. Ni kweli nafikiria kimaskini?"
Wa bodaboda, Malindi

Ndugu yangu, hapana, na aliyekwambia hivo huku amekutoza kiingilio amekukosea heshima.

Nikwambie kitu kilichofanyiwa utafiti. Mwaka 2013 watafiti Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha kazi waliyoifanya kwa wakulima wa miwa kule Tamil Nadu, India. Hawa wakulima hulipwa mara moja baada ya mavuno, kwa hivo kabla ya mavuno wamekauka na baada ya mavuno wana pesa. Wakawapima akili watu wale wale nyakati zote mbili, na wakakuta kabla ya mavuno wanafanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Ubongo ule ule, mtu yule yule! Wasiwasi wa pesa unakula nafasi kichwani, mtu anahesabu deni huku anaendesha, anajibu mteja huku anawaza hesabu ya jioni. Kwa hivo si kwamba wewe unafikiria kimaskini ndo maana huna, ni kwamba kukosa kunakutia uzito kichwani.

Kwa hivo kazi yako ni kukipunguzia kichwa mzigo. Mambo makubwa, kama kuchukua mkopo au kubadilisha piki au kugombana na mwenye piki, usiyaamue usiku ukiwa umechoka na mfuko mtupu, yaweke mpaka asubuhi ya siku uliyopata vizuri. Hesabu ya siku itoe kwanza, mara tu ikitimia, itie mbali hata kama bado ni saa sita mchana, ili saa zilizobaki uendeshe bila kuihesabu hesabu kila dakika. Na kaa na mwenye piki mkubaliane kabla msimu haujawa mbaya, siku ya mvua kubwa au Malindi ikiwa kimya hesabu iwe ngapi, mwambie ukiwa na rekodi ya wiki chache umeandika kwenye daftari, namba zinasikilizwa kuliko malalamiko. Kama kwenye steji yenu kuna chama ingia, kama hakuna anzeni mkiwa wachache mnaoaminiana, lengo liwe piki ya mmoja baada ya mwengine. Hela ya semina nyengine itie humo.

"Hujambo Mwalimu. Ni mama wa watoto watatu, Barani, Malindi. Binti yangu wa kwanza amepata D+ kwenye KCSE. Tangu matokeo yatoke anajifungia chumbani. Babake amesema mbele yake kwamba kichwa cha huyu mtoto ni kizito na hela za kurudia asitarajie. Zamani shule ya msingi alikuwa anasifiwa sana, kila mtu akimwita jiniasi. Yeye anataka unesi. Je kichwa mtu anazaliwa nacho tu, au kinaweza kuongezeka? Na mimi mamake nimwambie nini?"
Mama wa Barani

Sijambo mama, na pole. Nianze na lile la jiniasi manake nahisi huko ndo mambo yalianzia, hata kabla ya maneno ya babake.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, wakiwa Columbia University, walitoa majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto wakapewa maswali rahisi, wakafanya vizuri, wengine wakasifiwa kwa akili yao, wengine wakasifiwa kwa bidii waliyoitia. Kisha wakapewa maswali magumu wakashindwa wote. Baada ya hapo wakarudishiwa maswali rahisi kama yale ya kwanza, na wale waliosifiwa akili wakashuka, hata ya kiwango walichokiweza mwanzo wakayakosa, na karibu wanne katika kila kumi wao, walipoulizwa alama walizopata, wakadanganya kuzipandisha. Waliosifiwa bidii wakapanda. Sasa mchukue binti yako, miaka minane anaitwa jiniasi, siku hesabu za sekondari zinakuwa ngumu yeye anasikia nini? Anasikia kumbe si jiniasi. Akiuliza swali darasani ataonekana, bora anyamaze. Mtoto akinyamaza miaka minne D+ inakuja. Babake naye anamthibitishia kile kile alichokuwa anakiogopa.

Kwa hivo jibu la swali lako ni ndiyo, uwezo unaongezeka, ila sitaki nikudanganye kwamba ukimwambia maneno matamu basi alama zitaruka. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake, Dweck akiwemo, walichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari Marekani, wakawapa somo la chini ya saa moja kwamba ubongo hukua ukifanyishwa kazi. Wale waliokuwa nyuma kimasomo walipanda, lakini kidogo, wastani wa pointi 0.10 kwenye kipimo chao cha alama kinachoanzia 0 mpaka 4. Na msaada ulionekana zaidi pale ambapo wenzao shuleni nao walipenda kujitia kwenye mambo magumu. Maana yake mawazo ya mtoto yanasaidia kama mazingira yake yanayabeba. Akiambiwa unaweza chumbani na mama, halafu sebuleni baba anasema kichwa kizito, hapo hakuna kitu.

Na hapa kwetu Kenya lipo pia. Shamiri, kundi lililoanzishwa na Tom Osborn na Katherine Venturo-Conerly, waliwachukua wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za huzuni au wasiwasi mwingi, wakakutana nao mara moja kwa wiki kwa wiki nne, na waliowaongoza walikuwa vijana tu waliomaliza fomu foo si zamani. Waliongea kwamba mtu hubadilika na kukua, wakaongea kushukuru, wakaongea mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Matokeo yalitoka 2021, dalili zilishuka zaidi ya kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Nakwambia hili kwa sababu binti yako anajifungia, na nadhani anachohitaji kabla ya kitabu ni msichana mwengine aliyemzidi mwaka mmoja miwili, aliyewahi kupata alama mbaya akaendelea. Mtafute, mtaani kwenu yupo. Mwite chai, wewe utoke uwaache.

Sasa unesi. Diploma ya unesi inataka C ya jumla, na C kwenye biolojia na kwenye lugha, kwa hivo kutoka D+ kuna hatua ya kupanda lakini si mlima usiopandika. Anaweza kurudia kama mtahiniwa wa binafsi, usajili hufanywa mwanzoni mwa mwaka kwa hivo kaulizeni mapema kwenye ofisi ya elimu. Na D+ yenyewe haijafunga milango, kozi za cheti kwenye vyuo vya ufundi inaziingia, kwa hivo kama hela ya kurudia haipo mwaka huu asikae bure. Mie ningependelea arudie, manake kile anachokitaka anakijua, na mtu anayejua anachotaka nusu ya kazi ishafanyika.

Lakini asirudie kwa namna ile ile. Ukimwona amekaa na kitabu saa tatu anapiga mistari kwa kalamu ya rangi, hapo hasomi, anapumbazika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu, wengine wakakisoma tena, wengine wakafunga kitabu wakaandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojiandikia ndo waliobaki na zaidi. Basi afanye hivo. Asome ukurasa mmoja wa biolojia, afunge, aandike kwa maneno yake, afungue aone alichokosa, kesho kutwa aulizwe tena. Hata wewe mama unaweza kumuuliza ukiwa unakanda unga wa mahamri, ushike kitabu tu, huhitaji kuijua biolojia, unaangalia kama alichosema kiko pale. Mwanzo atakosa mengi na ataumia, hapo ndo usiseme "wewe una akili utaweza" wala usiseme "jitahidi" tu. Mwambie, jana hili hukulijua leo umelijua, lipi limebaki.

Na babake, usimkabili mbele ya mtoto. Ngoja ametulia, mueleze yale majaribio ya watoto wa darasa la tano kama nilivyokueleza mie, kisha muombe kitu kimoja tu, asiombe msamaha kwa hotuba wala nini, jioni aulize "leo umesoma nini" na akae asikilize jibu mpaka mwisho. Mkishafanya hivo mwezi mzima niandikie, nataka kujua binti ametoka chumbani.